Mwanakondoo na Minyoo: Hori na Banda Kwanza, Chupa ya Dawa Baadaye

Leo tuna habari ya wanakondoo na minyoo. Najua wapo watakaosema, "Aa, habari ya minyoo tumeisikia mara nyingi. Minyoo ni kunywesha dawa, basi." Wewe uliyesema hivyo ndiwe ninayekutafuta hasa. Vuta kigoda tukae.

Tuseme una kondoo majike 6, na mwezi wa Januari wamekuzalia wanakondoo 7. Umekwisha wapigia hesabu: madume 4 utawauza kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Julai, upate sare na madaftari ya watoto, majike 3 wabaki waongeze kundi. Masika yanaingia, majani yanaota, wanakondoo wanakula mpaka matumbo yanakuwa kama ngoma. Unafurahi. Baada ya wiki 3 au 4 mmoja anaanza kubaki nyuma njiani. Wa pili anavimba chini ya taya, kama aliyefungiwa kifuko cha maji. Unakwenda dukani, unanunua dawa, unawanywesha wote. Wanapata nafuu. Mwezi haujaisha, hali inarudi ile ile, nawe unanunua tena. Mvua zinapokwisha unahesabu wanakondoo 4, na hao 4 ni mifupa mitupu. Sare hazikupatikana, na fedha ya dawa imekwenda pia.

Kosa liko wapi? Dawa ilifanya kazi yake. Iliua minyoo iliyokuwamo tumboni siku ile. Lakini kuna vitu viwili ambavyo dawa haikuvigusa: chakula anachokula mwanakondoo, na mahali anapolala. Kesho yake alirudi kumeza minyoo mingine mahali pale pale, na mwili wake haukuwa na nguvu ya kupambana nayo. Ndiyo maana leo nasema: tuanze na hori, tuendelee na banda, ndipo tufike kwenye chupa ya dawa.

MINYOO INATOKA WAPI

Kwanza tumjue adui. Minyoo ya kondoo ni ya aina nyingi, lakini ule unaoua wanakondoo wengi katika nchi zetu za joto na mvua ni mnyoo mnyonya damu. Huu hukaa katika tumbo la nne la kondoo, lile linalofuatwa na utumbo mwembamba. Siku ukichinja, pasua tumbo hilo lingali na joto, uangalie vizuri. Utaona minyoo myembamba kama uzi, yenye urefu wa sentimita 2 hadi 3. Minyoo majike huonekana kama kamba iliyosokotwa kwa uzi mwekundu na uzi mweupe. Ule uzi mwekundu ni utumbo wa mnyoo uliojaa damu, na damu yenyewe ni ya kondoo wako.

Mnyoo jike mmoja hutaga mayai 5,000 au zaidi kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Kondoo mwenye minyoo majike 200 tu humwaga mayai milioni 1 kila siku pamoja na kinyesi chake. Kukiwa na joto na unyevu, mayai hayo huanguliwa, na kwa muda wa wiki moja hivi hutokea vijinyoo visivyoonekana kwa macho, tayari kuingia tumboni mwa kondoo mwingine. Vijinyoo hivi haviwezi kutembea pakavu. Husafiri katika majimaji ya umande na ya mvua, vikapanda juu ya jani. Navyo havipandi sana. Vingi hukaa katika sentimita 5 hadi 10 za kutoka ardhini. Na kondoo, kama ujuavyo, hula kwa kunyoa chini kabisa. Mwanakondoo akivimeza, wiki 3 baadaye vimekuwa minyoo mizima, navyo vinataga.

Sasa sikiliza habari ya damu. Mnyoo mmoja humpotezea kondoo damu kidogo sana kwa siku, kiasi cha tone moja. Lakini minyoo 1,000 humpotezea kiasi cha mililita 50, yaani karibu kikombe kimoja kidogo cha kahawa, kila siku inayokwenda kwa Mungu. Mwanakondoo wa kilo 10 damu yake yote haifiki lita 1. Basi kila siku anapoteza kikombe kimoja cha kahawa. Ataishi ikiwa mwili wake unaweza kutengeneza damu upesi kama inavyonyonywa. Asipoweza, hufa, na mara nyingine hufa angali mnene, hata hakuhara.

Ipo minyoo mingine iliyo myembamba kama unywele, inayokaa katika utumbo mwembamba. Hiyo humwondolea mnyama hamu ya chakula na kumharisha. Ipo inayofanya vinundu katika utumbo mpana, mpaka mchinjaji anautupa utumbo. Na iko tegu, ile ya vipande vyeupe kama punje za wali juu ya kinyesi, ambayo sisi tukiiona tunashtuka na kukimbilia dawa. Lakini kwa kawaida tegu haina madhara makubwa kama ile mingine. Ndugu mkulima, shika neno hili: mnyoo unaouona juu ya kinyesi siyo unaoua sana, unaoua ni ule usiouona.

CHAKULA NDICHO KINACHOJENGA DAMU

Utauliza, chakula na minyoo vinahusianaje? Vinahusiana sana, ndugu yangu. Dawa huua minyoo, lakini dawa haijengi damu. Damu hujengwa na chakula, hasa kile tunachokiita chakula cha kujenga mwili. Kinga ya mwili nayo, yaani ile nguvu ya kuizuia minyoo isikae na kuipunguzia uzazi, hujengwa na chakula hicho hicho. Mwanakondoo mchanga hana kinga hiyo. Huijenga polepole, na kwa kawaida huanza kuwa nayo ya kutosha baada ya miezi 4 hadi 6, kama amelishwa. Asipolishwa huchelewa. Wanakondoo wawili wanaweza kumeza vijinyoo sawasawa katika shamba moja, mmoja akaendelea kukua na mwingine akafa, na tofauti yao ni kile kilichokuwa ndani ya hori.

Majani makavu ya mwisho wa kiangazi hayana chakula cha kutosha cha kujenga mwili; mara nyingi hakifiki hata sehemu 7 katika 100. Mwanakondoo anayekua huhitaji kiasi cha sehemu 14 hadi 16 katika 100. Kwa hiyo mabua na nyasi kavu peke yake humjaza tumbo tu, na tumbo lililojaa halina maana kwamba mnyama ameshiba.

Tuanze basi na mama yake. Kondoo jike anapokaribia kuzaa, na katika wiki za kwanza za kunyonyesha, kinga yake hupungua. Minyoo iliyokuwa imetulia ndani yake huamka na kutaga kwa wingi. Kwa hiyo mwanakondoo anapoanza kudonoa majani, akiwa na umri wa wiki 2 au 3, hukuta mama yake amekwisha mtayarishia sumu chini. Jike aliyelishwa vizuri hamwagi mayai mengi kama jike aliyekonda, na maziwa yake huwa mengi. Basi katika wiki 6 za mwisho za mimba na wiki 6 hadi 8 za kwanza za kunyonyesha, mwongeze mama kiasi cha gramu 200 hadi 300 za pumba zilizochanganywa na mashudu kila siku, pamoja na majani mabichi mazuri. Ukimlisha mama wakati huo, umemkinga mtoto.

Mtoto akizaliwa, hakikisha amenyonya dang'a mapema, katika saa chache za kwanza. Dang'a haiui minyoo, lakini humpa kinga dhidi ya maradhi mengine mengi, na mwanakondoo aliyeanza vizuri hustahimili shida zijazo.

Kuanzia wiki ya 3 mwanzishie chakula chake mwenyewe. Tenga pembe moja ya banda kwa fito, uache upenyo wa kiasi cha sentimita 15 hadi 20, ili watoto wapite na mama zao washindwe. Humo weka majani mabichi laini na mchanganyiko wa pumba. Mchanganyiko rahisi ni vikombe 2 vya pumba za mahindi kwa kikombe 1 cha mashudu ya alizeti, na chumvi kidogo. Anza na kiasi cha kuonja, kisha ongeza taratibu mpaka kila mwanakondoo apate kiasi cha gramu 100 kwa siku, yaani kikombe cha chai kimoja hivi. Akikaribia kuachishwa kunyonya, katika miezi 3 au 4, mpe mpaka gramu 200. Usimwachishe ghafla katikati ya masika na kumpeleka malishoni bila nyongeza. Huo ndio wakati minyoo inapowapata wengi.

Kama pumba na mashudu ni ghali, na mara nyingi ni ghali, tegemea majani ya jamii ya mikunde. Lusina, kaliandra, gliricidia, sesbania na desmodiamu huota katika sehemu nyingi za nchi. Panda katika kingo za matuta na mipaka ya shamba. Yatazuia udongo na kulisha kondoo kwa pamoja. Marando ya viazi vitamu na majani ya maharage pia ni mazuri. Katika kila matita 3 ya majani unayoleta, 1 liwe la mikunde. Lusina usizidishe kipimo hicho, maana ndani yake kuna kitu kinachodhuru mnyama na kumnyonyoa manyoya akiila kwa wingi siku nyingi.

Majani ya miti yenye ukakasi, kama yale ya miti mingi ya jamii ya migunga, nayo yana faida. Majaribio ya nchi mbalimbali yameonyesha kwamba ukakasi wa majani ya namna hii unaweza kupunguza uzazi wa minyoo tumboni. Tena kondoo anayekula majani ya mti kichwa chake kiko juu, mbali na vijinyoo. Lakini usiyafanye kuwa chakula chote; ukakasi ukizidi, mnyama hapati faida ya chakula anachokula.

Onyo moja kabla hatujaliacha hori. Kondoo hawezi kustahimili shaba nyingi. Usimpe chakula cha nguruwe wala cha kuku, na madini ya kulamba nunua yaliyoandikwa kuwa ni ya kondoo.

BANDA LAWEZA KUPONYA, LAWEZA KUUA

Haya, tuingie bandani. Wengi wetu wa milimani, kule Usambara, Upare, Kilimanjaro na Meru, hatuna malisho ya kutosha, basi tunawafungia kondoo na kuwakatia majani. Jambo hilo ni jema. Mwanakondoo asiyekwenda malishoni humeza vijinyoo vichache. Lakini hapa ndipo penye mtego. Ukimfungia katika uchafu, umemwokoa na adui mmoja ukamkabidhi kwa wengine wawili.

Adui wa kwanza wa bandani ni koksidia. Wafugaji wa kuku wanalijua jina hili kwa kuhara damu. Kondoo naye ana koksidia zake; hazitoki kwa kuku, wala za kondoo haziendi kwa kuku. Hizi si minyoo, ni viumbe vidogo mno vinavyoharibu ngozi ya ndani ya utumbo. Huwashika hasa wanakondoo wa wiki 3 hadi 8 waliosongamana penye unyevu. Mwanakondoo huhara, mkia na miguu ya nyuma hutapakaa kinyesi, mara nyingine pana damu, naye hujikamua. Sasa angalia: dawa ya minyoo haitibu koksidia hata kidogo. Ukimwona mwanakondoo wa mwezi mmoja anahara ndani ya banda lenye majimaji, usikimbilie kumnywesha dawa ya minyoo halafu ukalala. Mwite bwana mifugo au bibi mifugo. Zipo dawa zake, kama zile za salfa, na hutolewa kwa kipimo.

Adui wa pili ni mnyoo mmoja mdogo sana upendao matandiko yaliyolowa. Vijinyoo vyake havingoji kumezwa. Hupenya ngozi ya mwanakondoo aliyelala juu ya samadi mbichi. Tena vyaweza kupita katika maziwa ya mama. Ukiona wanakondoo wachanga ambao hawajala jani hata moja wanahara na kukonda, jiulize habari ya matandiko.

Dawa ya wote wawili ni moja: ukavu. Banda lililo bora ni la kichanja. Simamisha nguzo, na sakafu iinuliwe kutoka ardhini kiasi cha nusu mita hadi mita 1. Sakafu iwe ya fito zilizonyooka au mabanzi, na nafasi kati ya fito na fito iwe kama sentimita 1 na nusu. Ikiwa pana zaidi, mguu wa mwanakondoo utazama na kuvunjika. Ikiwa nyembamba zaidi, kinyesi hakitaanguka. Jike mwenye mtoto apate nafasi ya kama mita 1 na nusu ya mraba. Ukuta wa upande wa upepo uzibwe chini ili watoto wasipigwe na baridi, na juu uachwe wazi hewa ipite. Uvungu uzungushie fito, maana wanakondoo hupenda kuingia kucheza pale pale penye samadi, na hapo kazi yako yote itakuwa bure.

Huna mbao za kichanja? Usikate tamaa. Inua sakafu ya udongo kidogo kuliko nje, ishindilie, iwe na mteremko wa kutoa mkojo. Chimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua. Fagia kila siku, ondoa palipolowa, ongeza matandiko makavu, na kila wiki toa yote nje. Kwa nini kila wiki? Kumbuka tulisema mayai ya minyoo huchukua wiki moja hivi kuwa vijinyoo vya kuambukiza. Koksidia huchukua siku chache tu, ndiyo maana ya kufagia kila siku.

Chakula kisiwekwe chini hata siku moja. Jani likianguka chini, likakanyagwa na kunyewa, kisha likaliwa, banda lako limekuwa shamba la minyoo. Tengeneza hori lililoinuka, lenye fito za kuzuia watoto wasipande na kunyea ndani. Ndoo ya maji nayo iinuliwe na ioshwe kila siku.

Samadi iliyotolewa ilundike mbali na banda, uifunike. Ikichacha na kupata moto, mayai mengi ya minyoo hufa. Kisha ipeleke kwenye migomba au mahindi. Usiimwage mbichi juu ya majani ambayo wiki zijazo utayakata kuwalisha kondoo hao hao.

MAJANI YA KUKATA NA MALISHO

Majani unayokata yaweza kuleta vijinyoo nyumbani. Usikate mahali kondoo na mbuzi wanapolishwa, hasa bondeni penye majimaji. Ukikata, acha sentimita 10 za chini, na uyaanike mpaka yanyauke kabla ya kulisha. Matete na majani ya Guatemala yakikatwa juu hayana hatari kubwa.

Na ninyi mnaochunga, mambo ni haya. Wakati wa mvua wasitoke alfajiri. Ngoja umande ukauke. Kama mchungaji ni mtoto na lazima awahi shule, afadhali wapewe majani bandani asubuhi, watoke mchana. Watoto wapewe sehemu mpya kwanza, wakubwa wafuate nyuma. Sehemu iliyolishwa ipumzike. Katika nchi za chini zenye joto na mvua, vijinyoo vingi hufa katika wiki 5 au 6. Milimani kwenye baridi hukaa zaidi, hata miezi. Ng'ombe wakitangulia kulisha, husaidia kusafisha, kwa kuwa minyoo mingi ya kondoo haistawi katika ng'ombe. Mbuzi hawasaidii, maana minyoo yao na ya kondoo ni ile ile.

Na yule anayefunga kondoo kwa kamba penye kigingi kile kile wiki nzima, nitamwambia wazi: unamlisha kinyesi chake. Hamisha kigingi kila siku.

DAWA NA MAHALI PAKE

Sasa ndiyo tumefika kwenye chupa. Sikusema tuitupe. Mwanakondoo aliyekwisha kuwa mweupe wa macho hangoji lusina iote. Mnyweshe dawa leo. Ninachokataza ni kuwanywesha wote kila mwezi bila kuangalia. Minyoo iliyopona dawa huzaa minyoo isiyosikia dawa. Jambo hilo limekwisha kutokea katika nchi nyingi, kama Kenya na Afrika Kusini, na ukilifikia, hata dawa ya bei kubwa utakuwa unamwaga maji.

Basi angalia macho. Bonyeza ukope wa juu taratibu, vuta wa chini, tazama rangi ya ndani, tena ufanye hivyo mchana kweupe. Nyekundu, hana neno. Ya waridi iliyofifia, kwa mtu mzima mwangalie tena, lakini mwanakondoo mtibu. Nyeupe, mtibu wote wawili upesi. Huko Afrika Kusini katika miaka ya 1990 wataalamu walitengeneza kadi ya rangi 5 kwa kazi hii, iitwayo FAMACHA. Bwana mifugo akiwa nayo, mwombe akufundishe. Lakini kumbuka, macho hueleza hasa habari ya mnyoo mnyonya damu. Anayehara na macho yake ni mekundu ana shida nyingine. Peleka kinyesi chake kikapimwe. Wakati wa mvua angalia macho kila baada ya wiki 2.

Kipimo cha dawa kifuate uzito wa mnyama, usikisie kwa macho. Kipimo pungufu hufundisha minyoo kuishi na dawa. Jike aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba asipewe albendazole. Yaweza kuharibu mimba. Na kila unapotibu, andika: kondoo yupi, siku gani, dawa gani. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ukiona katika daftari jike mmoja anatibiwa kila mara, na watoto wake vivyo hivyo, huyo muuze. Usiweke mbegu yake.

Habari ya mbegu nayo ni muhimu. Katika miaka ya 1990 watafiti walilinganisha, huko pwani ya Kenya sehemu za Diani, kondoo wekundu wa Kimasai na kondoo aina ya Dorper. Wale wa Kimasai walitoa mayai machache ya minyoo, na vifo vya watoto wao vilikuwa vichache. Dorper ni mkubwa na mwenye nyama, lakini penye joto na unyevu huhitaji uangalizi mkubwa zaidi. Basi usimdharau kondoo wako wa kienyeji kwa udogo wake. Dume bora la kienyeji, lililokua bila kutibiwa mara kwa mara, ni hazina.

TUANZE NA LIPI?

Najua utasema, "Mambo ni mengi, na mikono ni miwili." Kweli. Basi tuanze na yasiyo na gharama. Wiki hii inua hori na ndoo ya maji. Fagia banda, toa matandiko yaliyolowa. Angalia macho ya kila mwanakondoo. Kama unachunga, ngoja umande. Hayo hayahitaji hata shilingi moja. Mwezi huu tenga pembe ya watoto, uwaanzishie kikombe chao. Mvua zikija panda mikunde mipakani. Kiangazi kijacho, wakati kazi za shamba zimepungua, jenga kichanja. Waite majirani, nao wakijenga ukawasaidie.

Ukifanya hivyo, dawa utanunua, lakini utainunua kwa ajili ya mwanakondoo mmoja au wawili, si kwa kundi zima kila mwezi. Na mwezi wa Julai ukifika, mama na baba mkikaa kupiga hesabu ya sare, muwe na madume 4 wa kuuza, walionenepa.

Kwa leo tukomee hapo, ndugu mkulima. Kabla hujalala leo, chukua taa uingie bandani, uinamie matandiko ya wanakondoo, uyashike kwa mkono. Kama mkono umetoka umelowa, kazi yako ya kesho asubuhi umekwisha ijua.